Chumba cha Tatu Mkono wa Kulia

Jumatatu, 5 Februari 2024

Tumeanza ukaguzi wa fidia hapa Temeke, upande wa mferejini, kwa nyumba zitakazopisha barabara na upanuzi wa mfereji. Mjumbe wa shina mbele akibisha hodi, mimi mthamini na kijana wa futi nyuma yake, mpiga picha mwisho. Utaratibu ni ule ule wa siku zote: mwenye nyumba anasimama mlangoni ameshika kibao chenye namba yake, anapigwa picha, halafu tunapima kuta na kuandika. Bati la aina gani na limechakaa kiasi gani. Sakafu ya saruji au ya udongo. Dari ipo au haipo. Nondo madirishani, choo cha shimo, kisima, karo. Miti yote inahesabiwa, hata mpapai uliojiotea wenyewe nyuma ya choo.

Nyumba ya mwisho kabla ya adhuhuri ilikuwa ya Kiswahili kamili: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani jiko la mabati na choo. Mwenye nyumba ni bibi aliyepita sabini, anakaa chumba cha kwanza kushoto. Marehemu mumewe aliijenga mwaka vita vya Kagera vilipoanza. Vyumba vitano vina wapangaji. Chumba cha tatu mkono wa kulia yupo mama mmoja na wanawe watatu; aliingia humo mkubwa wao akiwa ananyonya, na sasa mkubwa huyo yuko kidato cha nne.

Nilihesabu vichwa kwa udadisi wangu tu, maana fomu haina mahali pa kuviandika. Kaya 6, watu 22. Kwenye fomu nimeandika jengo 1, mmiliki 1.

Tulipokuwa tunakunja futi bibi aliniuliza, "Mwanangu, na hawa watoto wangu mnawapeleka wapi?" Nikadhani anasema wajukuu. Nikamwambia familia itapewa posho ya makazi. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole ukumbini, mlango mmoja baada ya mwingine.


Alhamisi, 8 Februari

Mkutano wa wananchi, chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa. Afisa ardhi wa manispaa alifungua, kisha nikapewa nafasi ya kueleza fidia inavyokokotolewa. Wenzangu wengi husimama na kusoma sheria. Mimi huandika kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, thamani ya jengo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Watu wanaelewa haraka kuliko wakubwa wanavyodhani.

Mzee mmoja alitaka kujua usumbufu unapimwaje. Nikamweleza kwamba thamani ya ardhi inazidishwa kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwa amana ya miezi 12. Kama ardhi yako ni milioni 10 na riba ni asilimia 8, usumbufu wako ni shilingi 800,000. Mzee akacheka mpaka akashika mkongojo kwa mikono miwili. "Kumbe mwenye kiwanja kikubwa ndiye anayesumbuka zaidi!" Mkutano mzima ukapiga makofi. Kanuni za mwaka 2001 ndivyo zinavyosema, nami sikuwa na utetezi wake.

Swali lililofuata lilikuwa la hofu. "Kesho hamtageuka mkatuambia tuko ndani ya hifadhi ya barabara?" Kimara haijasahaulika. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwa hoja kwamba hifadhi pale ni mita 121.5 kila upande, na aliyejenga ndani ya hifadhi halipwi. Watu wenye umeme na maji ya mita walitoa makabati yao nje wakisubiri tingatinga. Tangu hapo, ukimtajia mtu wa Dar neno barabara anatafuta kwanza alama ya X ukutani kwake.

Mama mmoja akataja Kipawa. Shangazi yake alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Tathmini ilifanyika mwaka 1997, pesa zikaja baada ya zaidi ya miaka 10. Alichosema mama yule kimekaa kichwani mwangu: kwamba shangazi yake miaka yote ile hakuziba hata bati lililovuja, kwa sababu kila mwaka aliambiwa malipo ni mwaka huu.

Sikutaka kuwaongezea la sheria, lakini nyumbani nililiwaza. Tathmini ya 1997 ilifanywa wakati sheria ya utwaaji ardhi ya 1967 ndiyo iliyotawala, na kwa sheria ile ardhi tupu haikuwa na bei. Ulilipwa ulichokiweka juu yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo iliyokuja kusema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kwamba ardhi ina thamani. Watu wa Kipawa walikaa katikati ya sheria mbili. Ukipimwa kabla na kulipwa baadaye, swali la kwanza linakuwa wewe ni wa sheria ipi.


Alhamisi, 22 Februari

Mama lishe wa baraza ya nyumba ya vyumba sita. Supu na chapati asubuhi, wali maharage mchana, wateja wake ni mafundi wa gereji na makonda. Naye ni mpangaji humo humo, chumba cha pili kulia.

Kijana wangu alimwuliza kama ana hesabu zilizokaguliwa. Simlaumu, alifundishwa hivyo: faida halisi ya mwezi, ushahidi wa hesabu zilizokaguliwa, zidisha kwa 36. Mama akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lenye madoa ya mafuta. Mle ndani mna kila kitu. Mchele kilo ngapi na bei ya siku ile, mkaa, mafuta, ushuru, fundi yupi anadaiwa sahani ngapi, na siku ambazo hakupika kwa sababu mtoto alilazwa. Ana pia kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha shilingi 20,000, amekifunga kwenye nailoni. Nimewahi kusoma hesabu za kampuni, zenye mhuri na sahihi ya mkaguzi, ambazo hazina nusu ya ukweli wa daftari hili.

Nimepiga picha kurasa za miezi mitatu. Kanuni yenyewe, ukiisoma mpaka mwisho, inasema hesabu zilizokaguliwa zitatakiwa pale inapobidi na inapowezekana. Wengi wetu tunasoma nusu ya kwanza ya sentensi. Nusu ya pili ndiyo mlango wa mama lishe, fundi viatu na mwenye genge, nami nakusudia kumpitisha humo.

Mjumbe wa shina aliniambia pembeni, "Dada, ukimwandika huyu, kesho utapangiwa foleni na kila mwenye sufuria." Nikamjibu waje na madaftari.


Alhamisi, 14 Machi

Ramadhani imeanza. Mji mzima uko taratibu mpaka saa kumi, baada ya hapo kila mtu anaendesha kama anafukuzwa. Nimeshinda ofisini na majedwali.

Nyumba ya bibi. Kuijenga upya leo, kwa bei za saruji na bati za leo, nimepata milioni 32. Halafu linakuja lile tunaloliita uchakavu. Umri wa jengo, nyufa ukutani, bati lenye kutu: nimekata asilimia 45. Inabaki 17,600,000. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni Ardhi na ndivyo ofisi ya Mthamini Mkuu inavyotarajia kuona. Kwa mtu anayeuza nyumba yake kwa hiari ni hesabu ya haki kabisa: mnunuzi hawezi kulipia bati jipya apewe bati bovu. Lakini bibi hauzi. Anaambiwa aondoke akajenge kwingine, na hakuna duka la vifaa Tandika linalouza tofali lililochakaa kwa asilimia 45. Ataingia dukani na pesa ya nyumba nzee, atoke na nusu ya nyumba mpya.

Kinachoniuma ni kwamba hili si jambo lisilojulikana. Vuka uende bonde la Msimbazi. Mradi wa bonde lile una mkopo wa Benki ya Dunia, na Uholanzi na Hispania zimo pia, na masharti ya Benki kuhusu watu wanaohamishwa yanataka jengo lilipwe kwa gharama kamili ya kulijenga upya bila kukata uchakavu. Yanataka hata asiye na haki ya kisheria ya kiwanja alipwe jengo lake, na mpangaji naye asaidiwe kuhama. Huko nako kuna malalamiko, hasa la kulipwa nyumba bila kiwanja kwa sababu bonde ni eneo la mafuriko. Hata hivyo, ukuta wa tofali wa Jangwani na ukuta wa tofali wa hapa Temeke, umejengwa na fundi mmoja kwa saruji moja, una bei mbili kutegemea pesa ya mradi imetoka wapi. Kama uchakavu unaweza kuachwa kwa sababu mkopeshaji ameagiza, unaweza kuachwa pia kwa sababu ni haki.

Posho ya makazi. Kodi ya soko ya jengo zima kwa mwezi, mara miezi 36. Vyumba sita, kila kimoja 45,000, jumla 270,000 kwa mwezi. Mara 36 ni 9,720,000. Zinakwenda kwa bibi. Nilipoandika nikasita. Pesa hizi zimehesabiwa kutokana na kodi wanayolipa watu wa vyumba vitano, na zimeitwa posho ya makazi, na wanaokosa makazi ni wao, na hakuna hata mmoja wao atakayeiona.

Nisimwonee bibi. Kodi zile ndizo pensheni yake. Mumewe hakuwa mtumishi wa serikali, hakuacha mafao, aliacha vyumba. Atakapojenga huko atakakokwenda, hatajenga sita. Kwa hiyo amepoteza kipato, wapangaji wamepoteza makazi, nasi tumeweka vitu viwili kwenye mstari mmoja wa jedwali na kumpa mmoja.


Jumatano, 3 Aprili

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu na mambo mawili. La mama lishe amelipitisha, akaguna kidogo, akataka niambatishe maelezo. La wapangaji amelikataa hata kabla sijakaa vizuri kitini.

"Sheria inamtambua mwenye maslahi kwenye ardhi. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi ana maslahi gani?"

Nikamwambia sikuja kuomba walipwe ardhi. Nimekuja kuomba waorodheshwe. Kiambatisho kimoja tu: kila nyumba, kaya ngapi, watu ngapi, wamekaa muda gani, watoto wanasoma wapi. Gharama yake ni asubuhi chache za vijana wawili.

"Dada, ukiorodhesha mtu umeshamuahidi."

Hapo alikuwa na hoja, siwezi kumnyima. Mtaani orodha haijawahi kuwa karatasi tu. Ukiandika jina la mtu, kesho yuko ofisini anauliza jina lake limefika wapi. Na mteja wetu hakutuagiza wapangaji. Na likishajulikana jambo hilo, kila mwenye nyumba ataleta binamu zake walale vyumbani ili wahesabiwe; ndiyo maana kuna tarehe ya kikomo.

Nikamkumbusha Magomeni Kota. Waliobomolewa pale hawakuwa wamiliki, walikuwa wapangaji wa nyumba za serikali. Lakini waliorodheshwa: kaya 644. Wakazunguka miaka mingi kwenye nyumba za kupanga, wakidai. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaahidi kwamba watajengewa na kukaa miaka mitano bila kulipa kodi, na mwaka 2022 nyumba zikazinduliwa, wakarudi. Namba ile 644 ilisemwa na kila kiongozi aliyesimama pale, na kila mwandishi wa habari, kwa sababu ilikuwapo ya kusemwa. Kama mwanzo yangehesabiwa majengo, mwisho wangejengewa akina nani?

Akasema ile ilikuwa siasa. Nikasema na hii itakuwa siasa, ngoja uchaguzi wa serikali za mitaa mwezi wa kumi na moja. Akacheka. Hajakubali.


Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zimesimama, tumefungiwa ndani na upepo, umeme unakatika na kurudi. Hapa Dar ni upepo na mvua, walioumia zaidi wako kusini, Mafia na Kilwa. Ila ardhi ilishajaa maji tangu mvua za Aprili, haina pa kuyaweka.

Mjumbe wa shina amenitumia picha kwenye simu: mfereji umepanda hadi baraza za safu ya kwanza, magodoro yako juu ya meza. Niliziangalia kwa muda mrefu. Sipingi mradi huu. Mfereji ule ni mwembamba, umejaa taka, na kila masika unaingia vyumbani kwa watu. Lazima upanuliwe, na ili upanuliwe nyumba zile lazima zitoke. Wanaharakati wengine wangependa niseme hakuna anayepaswa kuhama. Siwezi. Mwaka 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini humu, wengine wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Kumwacha mtu alale kwenye njia ya maji siyo kumtetea.

Ila kwamba mradi ni wa manufaa ya wote ndiyo sababu hasa ya kulipa vizuri. Mji mzima utapita barabara ile na kukauka miguu. Wanaolipa bei yake ni watu wa safu mbili za nyumba.

Kwa kuwa sina la kufanya nimesoma tena hukumu ya Lohay Akonaay, ya Mahakama ya Rufani, 1994. Ilihusu ardhi ya kimila huko Arusha, mbali kabisa na mitaa ya Temeke. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walisema haki ya kukaa na kutumia ardhi kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo yaliyobaki ardhini. Mtu akiwa ameweka jasho lake, jasho hilo nalo lina thamani. Ni miaka 30 sasa. Nadhani sisi wathamini tulibeba kutoka hukumu ile jibu la swali la ardhi, tukaliacha swali la jasho. Mama wa chumba cha tatu, ambaye kodi yake ndiyo iliyopaka chokaa ukuta ule mwaka baada ya mwaka, ameweka nini pale ndani?


Jumanne, 27 Agosti

Mthamini Mkuu ameidhinisha jedwali. Mama lishe amepita, lakini miezi 36 yake imekokotolewa kwa faida ndogo kuliko niliyoiweka. Kiambatisho cha wapangaji nilikiandika mwenyewe jioni, kwa kumtumia mjumbe, nikakiweka mwisho kabisa bila kichwa kikubwa. Mkurugenzi alikiona. Hakusema kitu, hakukitoa.

Tangu leo miezi sita imeanza kukimbia. Malipo yasipofanyika ndani ya muda huo, riba inaanza kuhesabiwa. Na tathmini ikizeeka kupita miaka miwili bila malipo, inakufa na tunaanza upya. Ukomo huo wa miaka miwili uliletwa na Sheria ya Uthamini ya 2016, baada ya vilio vya Kipawa na kwingineko. Kwenye karatasi ni sheria nzuri.

Watu wameambiwa wasiendeleze chochote. Hapo huwa nawaza Kigamboni, ambako mwaka 2008 ulitangazwa mji mpya na watu wakakaa miaka wamezuiwa kujenga, wakingoja mji ambao haukuja kwa namna ulivyochorwa. Zuio halina mstari kwenye jedwali la fidia. Miaka ambayo mtu hakuongeza chumba, hakukopa, hakupata mpangaji, hakuna anayeikokotoa.


Jumanne, 12 Novemba

Nilipita mtaani bila shughuli maalumu. Nyumba ya bibi imebaki na wapangaji wawili. Hakuna anayelipa kodi ya miezi sita mbele kwenye nyumba inayosubiri kubomolewa, na wapangaji wapya wakiona namba nyekundu ukutani wanageuka. Kwa hiyo bibi ameshaanza kupoteza kipato kabla hajaona shilingi, na kipato hicho cha kungojea hakiko popote. Alinikaribisha chai. Hakulalamika, aliuliza tu kama pesa zikija zitakuja kwa simu au benki, maana mwanawe wa kiume amemwambia zipitie kwake.

Nikamwambia zitaingia kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye fomu, na jina ni lake. Nikarudia mara ya pili, kwa sauti, mwanawe akiwa pale pale uani.


Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wa vyama vyote walikuwa wamewaahidi watu fidia kabla ya Krismasi. Hakuna mwenyekiti wa mtaa mwenye mamlaka na fungu hilo, na wote wanajua.


Ijumaa, 28 Februari 2025

Miezi sita imekwisha jana. Nimepiga simu kwa taasisi yenye mradi, nikaambiwa fungu liko Hazina. Nikauliza habari ya riba, kimya kidogo, kisha, "Hilo tutaliangalia." Nimeandika barua rasmi ya kukumbusha, mkurugenzi ameisaini bila kuisoma, au ameisoma na kujifanya hajaisoma.


Jumatano, 16 Aprili

Wamelipwa wiki hii. Riba haimo. Imesemwa italipwa awamu nyingine. Wachache walikataa kusaini, wengi walisaini kwa sababu wamechoka, na mtu aliyechoka ni rahisi kumlipa pungufu.

Mama lishe alinipigia kwa furaha, amepata fremu Mtoni. Wateja wake wa gereji hawatamfuata, lakini anasema tumbo ni tumbo.

Nyumba ya tatu kutoka kwa bibi kuna ugomvi. Mume alisimama na kibao siku ya picha, akaunti ni yake, pesa zimeingia, naye amepata mke mwingine huko Kibaha. Mke wa nyumba ile aliuza vitumbua miaka mingi kununua bati zile. Nilimpeleka kwa wanasheria wa msaada wa bure. Tungewapiga picha wawili mlangoni na kuandika majina mawili, ugomvi huu ungekuwa mfupi zaidi. Kwenye kazi ijayo sitaomba ruhusa ya hilo.

Nilimtafuta mama wa chumba cha tatu. Yuko Charambe, chumba kimoja, 60,000, na wametaka miezi sita mbele. Aliuza kabati na friji kupata 360,000. Mkubwa alishamaliza kidato cha nne, lakini wadogo wanarudi shule ya zamani kwa daladala mbili. Kwenye kiambatisho changu yumo: kaya 1, watu 4, miaka 17. Namba hiyo haikumlipa chochote. Nimeihifadhi nakala kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, na nyingine nimempa mwanafunzi wa uzamili wa Ardhi anayeandika kuhusu wapangaji. Angalau mtu mmoja atakapouliza nyumba zile zilikuwa na watu wangapi, jibu lipo.


Jumatatu, 19 Mei

Bibi kapiga simu. Ameonyeshwa kiwanja Chanika. Kwa posho ya usafiri tuliyomkokotolea, tani 12 ndani ya kilomita 20, lori litamshusha kabla hajafika. Lakini hilo si lililomsumbua. Kiwanja hicho hicho dalali alimtajia milioni 4 mwezi wa pili, na sasa anasema 6. Madalali wa kule wanajua tarehe zetu za malipo kuliko sisi wenyewe. Fidia ikitoka Temeke asubuhi, bei inapanda Chanika jioni, na "bei ya soko" niliyoiandika mimi mwaka jana haimnunulii kiwanja sokoni mwaka huu.

Alitaka nimwambie kama anunue au angoje bei ishuke. Nikamwambia haitashuka. Atoe 5, asiongeze, na asimpe dalali hata shilingi mpaka muuzaji na mkewe wote wawili wafike mbele ya mwenyekiti wa mtaa wa huko, na majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka. Akauliza kama vyumba vitatu vinatosha kuanzia. Viwili vya kupangisha na kimoja chake. Nikamwambia aanze na msingi wa vinne, cha nne kingoje riba.

"Riba itakuja lini?"

Nikamwambia anitumie picha ya barua aliyopewa siku ya malipo, nitaifuatilia kesho saa mbili.